Usukani Unaocheza

Kwako kaka Mbuthia,

Huku tu wazima. Mdogo wetu Ciru ameng'oka jino. Tangu nimalize shule namsaidia Baba kwenye kitalu cha miche, Spring Valley. Joto la huko Kuwait limepungua?

Jana fundi Dalmas aliingia chini ya pikapu ya Baba, akaniambia nizungushe usukani. Niliuzungusha karibu robo ya mzunguko na magurudumu hayakusogea. Kisha akalitikisa gurudumu la mbele kwa mikono, likagonga. Akamwambia Baba:

"Mzee, boljointi zinazoshika magurudumu zimeisha, bushi zake za mpira zimeliwa. Usiteremke Kitisuru na hii gari."

Baba akacheka. "Dalmas, huyu tumezoeana. Yeye anavuta kushoto, mimi namshika kulia, tunaenda."

Amezoea mpaka hausikii tena ubovu wenyewe. Nilitaka kusema hivyo, nikaenda kumwagilia miche.

Leo anapeleka miche Kitisuru, na Ciru ameshapanda mbele. Nimekupigia, simu yako imezimwa. Labda uko kazini. Ukiwasha simu na kusoma hii, mpigie Baba, tafadhali. Wewe anakusikiliza.

Anapiga honi, anataka nimfungulie geti. Ananiita kwa jina sasa. Wacha niende nimfungulie.

Dada yako,
Shiku