Kadi ya Shabani wa Ruhembe

Mikumi, Jumatano

Kadi niliyoitunga imepata mwenyewe.

Msambazaji wa kanda kutoka Dar hunipa bahasha ya pesa ili nipige wimbo wake kila siku kwenye kipindi changu cha salamu redioni. Bosi hajui. Ili ionekane wasikilizaji ndio wanaouomba, kadi za salamu najaza mwenyewe, majina natunga. Jana nilisoma: "Shabani wa Ruhembe, mkata miwa, anamsalimu mkewe Mwajuma."

Majina ya kawaida kabisa! Kumbe Mwajuma yupo, na Shabani wake mwaka wa tatu huu hajulikani alipo.

Leo Mwajuma amekuja redioni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku analia. "Mwanangu, naomba niione hiyo kadi. Mwandiko wake naujua."

Nikadanganya kwamba iko kabatini na ufunguo anao bosi. Mjinga mimi. Akasema kesho atarudi na shemeji zake, wamwone bosi mwenyewe.

Nikiichoma, bosi ataiulizia. Nikiitoa, mwandiko ni wangu.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni alichosema akiwa mlangoni. "Kuna mtu alishaniletea posa. Leo asubuhi nimeirudisha. Nitaolewaje, na Shabani yu hai?"