Nyekundu Hutangulia Kuzimika

Tanga, 9 Novemba 1993

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya, hofu ni kwenu huko Gulwe na jua hilo.

Umeniuliza kazi yangu kwenye mradi huu ni ipi hasa. Ninazama baharini na kipimo cha mwanga, naandika jua linavyopungua kadiri ninavyoshuka. Halipungui rangi zote pamoja. Nyekundu hutangulia: mita kumi tu imefifia, mita ishirini kitambaa chekundu unakiona cheusi. Hufuata rangi ya chungwa, kisha njano. Buluu ndiyo inayokwenda mbali. Chini ya mita mia mbili ni gizagiza, na kilometa moja chini jua halifiki kabisa. Mwambie mama asihofu, mimi siendi zaidi ya thelathini.

Binti yako,
Loisi

Gulwe, 22 Novemba 1993

Mwanangu Loisi,

Mbukwa. Sisi wazima, ng'ombe wamekonda, mvua bado. Mama yako anasema binti wa Kigogo kuzama majini ni ukaidi, lakini barua yako anamsomea kila anayepita.

Nina swali. Hiyo nyekundu kugeuka nyeusi, yaweza kumpata mtu aliye nchi kavu? Tangu Agosti bendera zangu za treni, nyekundu na kijani, naziona zote za giza. Nimefunga kamba kwenye mpini wa nyekundu ili mkono uijue. Usimwambie mtu. Wanapunguza wafanyakazi, na mshika bendera asiyejua rangi hatabaki. Nimebakiza miaka miwili nistaafu kwa heshima.

Baba yako,
Eliakimu

Tanga, 1 Desemba 1993

Baba,

Shikamoo. Salamu ndefu nitaleta siku nyingine.

Hapana, baba. Huku maji ndiyo yanayokula rangi, nikipanda juu inarudi. Wewe uko juani. Hayo ni maradhi ya macho, na yanaweza kuzidi. Nenda hospitali, na umwambie stesheni masta. Reli ya hapo husombwa na mvua kila mwaka, unajua kuliko mimi. Kamba ikifunguka je? Nimeogopa, baba, sikufichi. Nakusubiri hadi tarehe 20. Usipomwambia, nitamwandikia mimi.

Binti yako,
Loisi

Gulwe, 9 Desemba 1993

Loisi,

Hujambo. Hatujambo.

Miaka ishirini na nane sijapitisha treni vibaya. Nimekusomesha kwa bendera hizo, leo unataka kunivua nguo mbele ya stesheni nzima? Ukiandika barua hiyo, usiniandikie mimi tena.

Baba yako

Gulwe, 4 Januari 1994

Mwanangu Loisi,

Mbukwa. Tu wazima, mama yako anakusalimu sana, mahindi yameota.

Tarehe 18 mvua ilikata reli upande wa Godegode, nikatumwa kuisimamisha treni ya mizigo. Mipini yote miwili ilikuwa imejaa tope, kamba siisikii. Nikainua moja, nikamuuliza Damas wa genge la reli, "Hii rangi gani?" Akacheka, akidhani namtania. Kisha akaacha kucheka. "Kijani, mzee." Akaninyang'anya ile nyingine, akakimbia nayo. Treni ilisimama.

Nilikwenda kwa stesheni masta na tope langu, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua mezani bahasha iliyofika asubuhi ile, bado haijafunguliwa. "Imetoka Tanga," akasema. Niliujua mwandiko wako. Nikausogeza muhuri wa posta karibu na jicho: tarehe 10. Ulisema utanisubiri hadi 20.

Nimeacha kazi. Daktari anasema ni mshipa wa jicho, na dawa italinda kilichobaki. Anasema ningefika Agosti kingebaki zaidi.

Nilikukasirikia siku tatu, kwa kuvunja ahadi. Ya nne nikajiuliza: mtu akijua reli imekatika, huwa anangoja tarehe? Mimi ndiye niliyengoja, mwanangu, na aibu ninayo.

Niandikie. Ila uandike kwa herufi kubwa kidogo.

Baba yako,
Eliakimu