"Tumeamua," Yeye na Daktari

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijaaibika, mimi ni fundi cherehani, mume wangu ana kisukari miaka mingi, na miaka yote hiyo nimemwimbia acha soda, meza dawa, tembea, naye ananijibu "sawa, mama" huku chupa kaificha nyuma ya kabati, na daktari wa zamani alikuwa akimkaripia bila hata kuinua uso, anamwandikia dawa, basi. Sasa kaja daktari mpya, mwanamke, sauti laini, eti hakai ng'ambo ya meza, anavuta kiti anakaa ubavuni kwa mume wangu, anamuuliza, "Baba, kitu gani kinakushinda, tuanze nacho hicho?" Mshauri, mtu mzito wa kuamka kama huyu sasa anatembea kila asubuhi, soda kaisahau, na nikimuuliza kimempata nini ananijibu, "Tumeamua." Tumeamua yeye na nani? Mimi ndiye ninayemkanda miguu ikiwaka moto. Siku ya kliniki ananyoa ndevu na kupiga pasi shati mwenyewe. Wivu ukanikaba, nikamwaga ile sukari yake ya wagonjwa, isiyopandisha kisukari, nikajaza kopo sukari ya kawaida. Akanywa chai, akapima damu, sukari imepanda, akakaa kitandani kanywea, akasema, "Nitamwambia nini daktari?" Hata hapo alimtaja yeye. Je, nimhamishe kliniki?

Mke Aliyeachwa Nje

Mama, pole, na sasa nikukaripie. Kuona wivu ni ubinadamu, lakini kuchezea kopo la mgonjwa ni hatari, na miguu unayoikanda ndiyo unayoiponza. Huyo daktari hajamroga mumeo. Amemuuliza swali, akanyamaza asikie jibu. Wewe na yule wa zamani mliimba wimbo mmoja, mwenzenu akaziba masikio. Kisukari kinalala kwenu, hakilali kliniki, na daktari anayelijua hilo humfanya mgonjwa kuwa mwenzake wa kazi.

Usimhamishe. Leo hii mwaga ile sukari, umwambie ulichofanya, maana anadhani ameshindwa yeye, na akikata tamaa ataacha hata dawa. Atakasirika. Mwache akasirike, usijitetee. Siku ya kliniki mpigie pasi hilo shati, fuatana naye, vuta kiti, kaa ubavu wa pili. Daktari akimuuliza kinachomshinda, funga mdomo usikie. Mkirudi nyumbani, muulize wewe.

"Tumeamua" haijasema ni watu wangapi, mama. Ingia.