Kikohozi cha Mkwe

Segese,
Julai 14

Mpendwa dada Lusia,

Shikamoo dada. Natumaini hapo Dodoma mmeamka salama, wewe na shemeji na wale watundu wako, na kwamba mgongo uliokuwa unakusumbua umepata nafuu. Sisi huku tunapumua. Mahindi tumeshavuna, baridi ya asubuhi inauma, afya ya mwili tunayo. Ya moyo ndiyo iliyonifanya nikae kitako nikuandikie kwa mkono kama enzi za shule. Usicheke. Nikikutumia meseji utanipigia kabla hujamaliza kusoma, nakujua, na wewe ukiongea kwenye simu unasikika mpaka kwa jirani. Mama yupo hapa, na masikio yake siku hizi hayapitwi na kitu. Barua hii nampa George, dereva wa basi, akukabidhi mkononi.

Najua mjomba Nkwabi ameshakupigia. Ameshakwambia kuwa mume wangu Sostenes alimkamata Mama kiunoni kule ziwani, mbele za watu, mpaka khanga ikamvuka kichwani. Ameshakwambia pia kwamba Jumamosi ukoo unakaa Mhunze kumhukumu, na kwamba mimi nirudi nyumbani mpaka waamue kama ndoa ipo au haipo. Dada, ni kweli alimkamata. Sikatai. Lakini mjomba hakuwepo, na anachosema ni nusu. Nakuomba usome mpaka chini kabla hujatoa neno.

Safari ilikuwa wazo la Sostenes mwenyewe. Alipata likizo pale gereji, akaazima gari kwa bosi wake na mahema mawili kwa rafiki yake wa mgodini, akasema kiangazi hiki tumpeleke Mama akalione ziwa. Unakumbuka Mama alivyokuwa akilalamika kwamba amezeekea pale Mhunze, Kishapu, kwenye vumbi, hajaiona hata siku moja ile minara ya taa aliyokuwa akisimuliwa na marehemu Baba, enzi Baba anapakia pamba melini. Mara hii tulipomwambia, alisitasita. Alisema magoti, akasema kuku wake. Mimi nikamng'ang'ania mpaka akakubali. Laiti ningejua!

Basi ungetuona njiani ungecheka hadi ulie. Mkwe na mkwe ndani ya gari moja! Mama alikaa nyuma ya dereva, khanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Sostenes alikigeuza kioo cha ndani kikatazama paa la gari, asije akakutana naye uso kwa uso. Mama akitaka kujisaidia ananiambia nimwambie mwenzangu asimamishe gari, na mwenzangu ananijibu mimi nimwambie Mama asubiri tupite kona. Wote wanasikiana vizuri kabisa, na mimi katikati natafsiri Kisukuma kwa Kisukuma. Tukaipita Nyarugusu na vumbi lake, tukaipita Geita mjini, tukashika njia ya ziwani.

Tulipolifikia ziwa, moyo wangu uliruka. Njia inafuata ufuko, upande mmoja mawe makubwa, upande mwingine maji mpaka macho yanachoka. Mnara wa kwanza ni wa chuma, umeshika kutu. Wa pili ni mweupe, umesimama juu ya mwamba unaoingia majini, na mlinzi wake, mzee mmoja anayeitwa Bartholomeo, akaturuhusu tupige mahema hapo chini. Sostenes aliyasimamisha yakipeana mgongo, mlango wa Mama ukiangalia mashariki, wa kwetu magharibi. Jioni taa ikawaka, nikamwonyesha Mama inavyozunguka. Akasema ni nzuri mno. Alikuwa ameelekeza uso kule mawimbi yanakopiga, mimi nikadhani anawaza mambo ya Baba, nikamwacha.

Asubuhi nikateremka kwa wavuvi kununua sato. Mama nilimwacha kwenye kigoda mbele ya hema lake. Sostenes alikuwa amekaa chini ya mnara, amempa mgongo kama adabu inavyotaka. Sasa sikiliza vizuri dada, maana hapa ndipo pa kuhukumia.

Anasema alisikia nyayo zinapita. Akainamisha macho, akaiona miguu ya Mama inatembea moja kwa moja, bila kusita, kuelekea ukingoni. Bartholomeo amepanga mawe yaliyopakwa chokaa pale, kuonya watu kwamba mbele ni shimo, na chini ni mawe na maji. Mama akayapita. Sostenes akaniita mimi kwa nguvu, lakini upepo ulikuwa mkali, sikusikia. Kumwita mama mkwe hawezi. Kumsemesha hajawahi tangu anioe. Akafanya kile anachofanya mkwe yeyote mwenye adabu kwetu akikutana na mama mkwe njiani. Akakohoa.

Na Mama naye akafanya kile anachofanya mama mkwe yeyote mwenye adabu. Alipokisikia kikohozi cha mkwe wake akageuza uso, akavuta khanga, akampisha. Alimpisha upande wa shimo.

Mungu wangu! Nilikuwa napanda na samaki wangu, nikamwona mume wangu anaruka kama mwehu, anamdaka Mama kiunoni, wote wawili wanaanguka juu ya mwamba, khanga inapeperuka inaingia ziwani. Mama akapiga yowe. Akampiga makofi ya uso. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakasimama, wakashika vichwa, wengine wakacheka. Nikavua kitenge changu nikamfunika Mama. Kiwiko chake kilikuwa kinatoka damu.

Tulirudi siku hiyo hiyo. Ndani ya gari hakuna aliyesema neno, hata la kupitia kwangu. Mama alikataa chai, akakataa maji. Tulipokaribia Geita akaniambia nimpigie mjomba simu, nimwekee sikioni, na hapo hapo, mkwe wake akiwa mbele anaendesha, akamwambia mjomba kwamba amekamatwa na kuvuliwa khanga hadharani. Nilimwangalia Sostenes. Alikaza macho barabarani, wala hakujitetea.

Mama nikampeleka alale kwa jirani yetu Asteria, maana nyumbani kwa mkwe halali. Nikarudi ndani na hasira zangu, nikamuuliza mume wangu alikuwa anataka nini kwa mama yangu mzazi. Ndiyo, dada, nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema kwamba khanga ilipodondoka aliuona uso wa Mama bila kutaka, jua likiwa limempiga machoni waziwazi, na macho yale hayakupepesa. Akasema pole Mbuke, mama yako haoni.

Nikamwambia asinitukanie mzazi. Lakini sikulala. Kesho yake, Sostenes alipoenda gereji, Mama alikuwa kwangu, amekaa jikoni. Nikavua ndala, nikaingia polepole, nikakaa mbele yake karibu kabisa, magoti yetu yakikaribia kugusana. Nikanyamaza. Alikuwa ananitazama, dada. Ananitazama usoni. Halafu akainua sauti akaniita kama niko uani, Mbuke, Mbuke wee, njoo uniwekee maji.

Nililia, na kilio akakisikia.

Haoni tangu mavuno ya mwaka jana. Jicho moja lilitangulia, la pili likafuata. Pale Mhunze amejifunza hatua za kwenda kisimani, kisima chenyewe hakina mfuniko, anachota maji peke yake. Sisi tukienda tunamkuta kajifunika khanga, kainama, tunasema Mama ana heshima hata mkwe asipokuwepo! Ameniapisha nisikwambie. Anasema utaacha kazi, na mjomba atapata sababu ya kuuza shamba na kumhamisha huku na huko kama mbuzi wa mkopo. Nikamuuliza, na mume wangu je? Akasema mwanaume atatoa ng'ombe wa faini, yataisha, lakini mwanamke kipofu haishi kuwa kipofu. Nilikasirika, dada. Nilimkasirikia mama yangu nikiwa nimemshika mkono.

Na huyu mpumbavu wangu ninayempenda anasema ni sawa, atakwenda Jumamosi, atainamisha kichwa, atakubali kila watakalosema ili Mama asiaibike. Anajua kwamba akikubali hakuna atakayekaa naye meza moja hapa Shinyanga nzima. Mimi siwezi. Nimevunja kiapo cha Mama kwa sababu siwezi.

Njoo kabla ya Jumamosi. Wewe ndiye mkubwa, ni wewe tu Mama anayekuogopa. Mpeleke hospitali ya macho, huenda ni mtoto wa jicho tu, watu wanatolewa wanaona. Na pale kikaoni useme wewe, kwa maana mimi nikisema wataniona natetea ndoa.

Wasalimie shemeji na watoto. Asteria anakusalimu, na Sostenes anakuamkia, hajui nimeandika nini. Mama naye anakusalimu sana. Amekaa hapa mbele yangu mezani anachambua maharage, ameisikia kalamu, ameniuliza namwandikia nani, nami sikumficha. Amefurahi. Amesema niandike kwamba ziwa ameliona, ni kubwa na maji yake ni ya bluu, na mnara wa taa ni mweupe kama alivyosema Baba. Ameniuliza kama nimeandika. Nimemwambia nimeandika.

Ni mimi mdogo wako,
Mbuke