Maneno Kumi na Mawili ya Mwalimu Priscilla

Gede,
Jumanne, baada ya mvua

Kwa dada yangu Nyevu, Ngomeni.

Shikamoo dada. Najua marahaba yako itapita kwenye meno, ikiwa itapita, lakini mimi ni mdogo wako na shikamoo ni haki yako hata ukinuna. Natumai goti limetulia na upepo wa huko haukusumbui kifua. Sisi tu wazima kwa kiasi chetu. Mbuzi mweusi amezaa pacha, na mmoja ana uso wa mzee fulani wa kanisa, nimewakataza watu kumtaja. Mimi meno yamebaki manne na hayasalimiani.

Ninaandika kwa sababu simu zangu hushiki. Nimepiga mara tisa tangu ulipofunga kitambaa chako ukaondoka hangani, kwenye msiba wa mwanangu Kahaso, kabla ya matanga kuvunjwa, bila hata kunywa chai. Barua hii anakuletea Japheth anayekuja kununua samaki. Nimemwapisha asiifungue, maana yule hata gazeti la kufungia maandazi hulisoma.

Dada, Yesha halali. Mkwe wangu Alkesh alipiga simu kutoka Uingereza wiki jana, sauti imemkauka. Mtoto wa miaka mitano anajifinya mapaja asisinzie, na babake akifumba macho tu kwenye kiti, anamtikisa mpaka ayafumbue. Daktari wa huko ameuliza mtoto aliambiwa nini alipokuwa Gede. Alkesh akaniuliza mimi. Ndiyo sababu unaona mtu wa darasa la tatu ameshika kalamu.

Unazikumbuka zile wiki tatu tulizongoja maiti ya mwanangu iletwe kutoka Uingereza. Wewe ulikuwa ukilia, na ulifanya vyema. Mimi kilio kilikataa, nikaenda kusoma. Nilisikia mjukuu hajui Kiswahili wala Kigiriama, nikajiuliza nitakuwa babu gani wa kumkodolea macho kama kigango, kile kinyago cha makaburini. Nikamwendea jirani yangu Priscilla, mwalimu wa chekechea, akaniandikia kwenye daftari maneno kumi na mawili ya Kiingereza, ya vitendo vya kila siku. Kamu ni njoo. Sidauni ni keti. Iti ni kula. Slipu ni kulala. Wekapu ni amka. Nikayafanyia mazoezi zizini. Nilimwambia beberu sidauni, akanitazama, akakojoa. Priscilla akasema matamshi yangu ndiyo mabaya. Mimi nasema beberu hakwenda shule.

Alinifundisha na adabu za Waingereza. Ukiulizwa hau a yu, yaani hujambo, unajibu aimu faini, mimi mzima. Nikamwuliza, na aliyefiwa je, hujibu vipi? Akasema naye hujibu hivyo hivyo, aimu faini. Nikaona hawa watu wana kazi.

Alkesh hakutukosea, hilo nalisema mbele ya yeyote. Kwao maiti huchomwa, lakini Kahaso aliomba alale kwetu, naye akamleta. Alituomba jambo moja tu: habari ya mamake Yesha tumwachie yeye amwambie kwa wakati wake. Siku ya mazishi mtoto alibaki Malindi kwa bibi yake mzaa baba, Chanchalben, akaletwa kesho yake. Alipofika nilimwambia kamu, akaja. Dada, neno la karatasi likamtembeza mtoto mpaka mikononi mwangu. Asiyezaa hajui, na asiyezika pia hajui.

Tukaanza mchezo wetu. Kila asubuhi mimi hujilaza mkekani nikikoroma, naye huchovya vidole kwenye kikombe cha maji, hunirashia uso na kusema wekapu, nami huruka kama niliyeingiwa na siafu. Alicheka mpaka kwikwi. Wewe ulisema ninamharibu mtoto na matanga hayajaisha. Ulisema kweli.

Asubuhi ya nne unaijua kuliko mimi. Ulitoka kumtafuta umwogeshe, ukamkuta amepiga magoti kaburini na kikombe chako cha bati, anarashia mchanga maji na kuupigapiga kwa kiganja, akisema neno usilolijua. Ukambeba. Alkesh akatokea, akaona udongo, akaona maji, akaona wewe. Akauliza nani anamfundisha mwanawe kunywesha makaburi. Nami niliyekuwa nimesimama pale na mswaki mdomoni nikamwambia asikasirike, ndivyo walivyo kina mama wa zamani na koma zao, mizimu ya wafu wao. Akakukemea mbele ya waombolezaji wote. Ulinitazama. Nikaendelea kupiga mswaki meno manne.

Sasa keti, dada. Ni mimi.

Jioni ya kabla yake Yesha alinishika kidole pale kaburini, akaniuliza. Nilidaka maneno mawili, wea na mami, yaani wapi na mama. Nikalipekua daftari kichwani. Kula, keti, oga, ruka, njoo. Maneno kumi na mawili, na hakuna hata moja la kumtosha mwanangu. Nikaokota lililokuwa karibu. Nikaonyesha mchanga, nikasema mami slipu. Si ndivyo tusemavyo kwetu, kwamba fulani amelala? Na mtu mzima akisikia hivyo haendi kumwamsha. Lakini huyu nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kwamba aliyelala huamshwa kwa maji kidogo na neno moja.

Priscilla ananiambia Kiingereza kina neno jingine, lai, ambalo ni kulala chini na ni kusema uongo, yote mawili. Nadhani waliponiona ninakuja walilitunga.

Ijumaa nilimwambia Alkesh kila kitu, na habari yako pia.  Akasema, basi baba, mwambie wewe, maana mimi nikimwambia hujibu kwamba Tsawe, yaani babu, alisema mami amelala. Nikarudi kwa Priscilla kuomba neno la kufa. Akasema hakuliandika kwa kuwa si kitendo cha kila siku. Nikamwambia kwangu ni cha kila siku. Akaandika: dai.

Jumapili nikamwambia kwa simu: Yesha, mami dai. Mami no wekapu. Tsawe lai. Akasema kitu kirefu, ikabidi babake anifasirie. Anauliza kama nilijaribu kumwamsha.

Nikajibu yesi. Na huo si uongo, dada. Jeneza lilipofunguliwa uliniona nimeinama, ukadhani naaga. Nilikuwa namwambia lamuka, Kahaso, lamuka, kwa lugha yake, polepole watu wasinicheke. Mara tatu.

Mtoto akalia. Nami kile kilio kilichonikataa kikanikuta hapo, simu nimeishika kinyume.

Jana Alkesh alisema mtoto amelala muda wa saa nne mchana, kichwa pajani pa babake, naye hakuthubutu kuinuka hata kwenda haja. Sijui kama atalala na leo.

Waliokuwa hangani nimewaendea mlango kwa mlango, nikawaambia ni nani alisema nini. Wengine wamenicheka, jirani yetu Idah amenitemea mate, nimefuta. Alkesh atakupigia kukuomba radhi. Simu yake ishike, hata kama yangu hutaishika tena. Hakukukosea yeye.

Wasalimie watoto na jirani zako wote, na ulikande hilo goti kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Nimempa Japheth chupa.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuacha ukemewe,

Lewa