Plagi za Gari la Mchungaji

Dula, acha unachofanya usome hii. Secilia wa gereji ya stendi amenipokonya mchungaji.

Si unajua gari lake linakosa nguvu kila likipanda kutoka Mombo? Leo nafika kanisani na boksi langu la spana, nakuta boneti iko wazi na Secilia ameinamia injini. Injini YANGU, Dula! Miaka sita naihudumia mimi.

Nimemwamkia mchungaji, hata marahaba yake hakuimalizia. Macho yote kwa yule dada.

Akachomoa plagi nilizofunga mimi mwezi uliopita. Nyeusi kama mkaa. Akaniuliza mbele ya watu, tena kwa upole, "Kaka Kristian, hizi ulizichagua vipi?" Nikasema nilizipima kwa macho, mbona zimeingia vizuri. Akafungua kitabu cha gari, akanionyesha namba. "Zinaingia, kaka, ila si za injini hii."

Kwa upole! Bora angenitukana.

Akafunga mpya kwa vidole mpaka zikagota, ndipo akashika spana, akakaza kidogo tu. Mimi huanza na spana moja kwa moja, unanijua.

Gari likawaka papo hapo. Nimeomba kimoyomoyo likohoe hata mara moja, pale pale uwanjani pa kanisa. Halikukohoa.

Lakini hilo nalimeza. Mchungaji amemshika mkono akamwambia, "Asante, mwanangu."

Mwanangu, Dula. Mimi miaka sita ananiita fundi.