Mashine ya Baba na Kinyozi wa Nyakato

Jumamosi. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, mvua imetishia weee, mwisho ikaenda zake kunyesha kwingine. Nimekaa kitandani, dirisha wazi, shingo inawasha kwa vipande vya nywele vilivyoingia ndani ya shati. Nimenyolewa.

Najua si habari. Mtu mzima wa miaka thelathini na sita, mwalimu wa hesabu, ananyolewa halafu anakimbilia daftari kuandika. Lakini leo ni mara ya kwanza maishani mwangu kunyolewa na mtu ambaye si ndugu yangu, na sina mwingine wa kumwambia.

Aliyekuwa akininyoa ni baba.

Tangu nikiwa mdogo kule Butiama ni yeye. Mwaka mmoja pamba ilipokubali, alinunua mashine ya kunyolea, hizi za kubana kwa mkono, akaifunga kwenye kitambaa cha flana na kuitunza kuliko alivyotunza cheti chake cha ubatizo. Nilipokwenda chuo cha ualimu nilikuwa nafuga nywele mpaka likizo, wenzangu wakinicheka. Nilipopata kazi hapa Musoma, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nilipanda basi kurudi nyumbani. Miaka ile mbaya, basi lilipokosa dizeli, nilidandia malori ya pamba. Niliwahi kushuka Butiama mweupe kichwani kwa nyuzi, baba akacheka mpaka akakohoa, akasema leo kazi ipo.

Tulikuwa tunakaa nyuma ya nyumba. Nakaa kwenye kigoda, ananifunga kipande cha gunia shingoni, anaanza. Inauma, nauma mdomo, nanyamaza. Nikiwa mtoto nililia, akaniambia kunyolewa ndivyo kulivyo, vumilia, nami nikavumilia. Nikawa najua kwamba kunyolewa kunauma kama ninavyojua kwamba jua linachoma. Akimaliza kuninyoa, ananipa mashine, anakaa yeye kwenye kigoda, nami namnyoa. Alikuwa anafumba macho, mikono magotini. Alikuwa anasema nina mkono mwepesi.

Alifariki miezi saba iliyopita. Kwenye matanga tulinyolewa wote kwa wembe, baba mdogo akitupitia mmoja mmoja kwenye mstari kama ng'ombe wa josho. Waliponiuliza katika vitu vyake nataka nini, nikasema mashine. Ndugu zangu walishangaa, maana kulikuwa na baiskeli.

Tangu siku hiyo mpaka leo sikunyoa. Nywele zikaota, zikajaa, zikawa kichaka, nami nikajifanya sizioni. Chumbani kwangu kuna kioo kimoja kidogo, alichokiacha mke wangu alipokwenda kwao Bunda kumwuguza mama yake. Mama alipona. Yeye hakurudi. Huu ni mwaka wa pili, nami nimezoea kusema "yuko Bunda" kana kwamba yuko sokoni.

Juzi Mwalimu Mkuu aliniita ofisini. Alinizunguka kwa maneno, mara mkaguzi anakuja Jumatatu, mara mwalimu ni kioo cha jamii, mwisho akashindwa.

"Mwalimu, kichwa hicho hapana. Kanyoe. Nitakusimamishaje mbele ya mkaguzi?"

Nikamwuliza mwalimu mwenzangu wa darasa la tano kinyozi mzuri anachaguliwaje. Alinitazama kama nimemwuliza mguu unavaliwaje kiatu. Kisha akanihurumia, akanielekeza: angalia kama anabadilisha wembe, angalia kama shuka lake limefuliwa, na usikae kwa kinyozi anayeongea na wapita njia huku ameshika sikio lako.

Basi leo asubuhi nikaifunga mashine kwenye flana yake, nikaitia kwenye mfuko, nikatoka. Uamuzi wangu ulikuwa mmoja. Mkono utakuwa wa mtu mwingine, sina la kufanya. Mashine itakuwa ya baba.

Nilianzia Mukendo. Siku hizi za ruksa, biashara imefunguliwa, mji umebadilika: sabuni ziko dukani, za rangi tatu, na watu bado wanazipapasa kama hawaamini. Kuna saluni mpya pale, ina umeme, ina kioo cha ukuta mzima, redio kaseti inapiga muziki wa Zaire, na mlangoni wamechora vichwa sita vya wanaume wenye mitindo. Kijana mwenye saluni alinikaribisha vizuri, akanikalisha kwenye kiti kinachozunguka. Nikatoa mfuko wangu. Nikamwomba anyoe kwa mashine yangu.

Mimi nilikuwa na mawazo ya zamani. Miaka ile wembe ulikuwa hauonekani, ukienda kwa kinyozi unakwenda na wa kwako, na kinyozi anakushukuru. Sikufikiri kwamba sasa hivi, kwa hofu hii ya ukimwi iliyoingia mjini, ukimtolea kinyozi kifaa chako mbele za watu ni kumwambia jambo jingine kabisa.

Kijana alizima redio.

"Mwalimu, una maana vifaa vyangu vina ugonjwa?"

Nikasema hapana, ni ya marehemu baba yangu. Nilivyoharibu! Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri akauliza baba yangu alifariki kwa ugonjwa gani. Alikufa kwa moyo, lakini nani angenisikiliza. Mtu wa kiti cha pili alijisogeza kidogo. Nikachukua mfuko wangu nikaondoka, na redio sikuisikia tena mpaka nilipokata kona.

Nikaenda Kigera. Huko nilikuta kinyozi mwenye benchi refu limejaa, watu wanacheka. Nikapanga foleni. Kila anayekaa kitini anaulizwa habari za nyumbani kwa majina: mama Neema ameshajifungua? Yule dada yako wa Tarime vipi, mume amemwelewa? Nikaanza kujiandaa. Akiniuliza za nyumbani, nitasema nini? Nyumbani kuna kitanda, meza, madaftari ya kusahihisha, na kioo cha mtu aliyeko Bunda. Ilipobaki zamu ya mtu mmoja mbele yangu, nikatazama saa ambayo haifanyi kazi, nikasema nimechelewa, nikaondoka.

Nimekimbia maswali ya kinyozi. Naandika hivyo hivyo.

Nilirudi kwa miguu, mchovu, nimeshajishawishi kwamba nitajinyoa mwenyewe na mkaguzi ataona atakachoona. Na hapa Nyakato, hatua mia mbili hivi kutoka mlangoni kwangu, kuna Mzee Shabani. Ananyoa barazani kwa duka la mchele. Hana umeme, hana picha, ana kiti cha mbao na kioo kilichofungwa kwa kamba kwenye nguzo. Anavaa kofia ya kufumwa, asili yake Tabora, watoto wake wote wamezaliwa hapa. Miaka miwili napita mbele yake kwenda shule, kila asubuhi ananiita "Mwalimu!" nami nainua mkono bila kusimama. Sijawahi hata siku moja kumhesabu kama kinyozi wa kuninyoa mimi.

Leo nilisimama, kwa sababu ya mtu aliyekuwa kitini. Alikuwa amelala. Mashine inapita kisogoni, na yeye kichwa kimeinama, anakoroma kidogo. Nikasema moyoni huyu amelewa, na ni mchana. Mzee Shabani alimgusa bega, mtu akaamka, akajipangusa mate, akaaga vizuri tu na kuondoka akiwa amenyooka. Hakuwa amelewa.

"Karibu Mwalimu. Leo umekumbuka kusimama."

Sikuwa na nguvu ya kueleza mambo mengi. Nilitoa flana, nikamwambia mapema kabisa: hii ni ya baba yangu, alikuwa ananinyoa yeye, ameshafariki, naomba uninyoe nayo, sina maana mbaya.

Akafuta mikono kwanza. Akaipokea, akaibana mara mbili karibu na sikio lake, akaigeuza, kisha akainusa.

"Alikuwaga anaipaka samli?"

Nikasema ndiyo. Mafuta ya cherehani hayakuwapo, yalipotea na kila kitu, na kwetu ng'ombe walikuwapo. Baba alikuwa anachovya ncha ya unyoya kwenye kibuyu cha samli na kupaka meno ya mashine, taratibu, kila mwezi. Hata mafuta yaliporudi madukani aliendelea na samli. Alisema imeshaizoea.

Mzee Shabani akatikisa kichwa, lakini hakucheka.

"Wengi walifanya hivyo miaka ile, na mimi nilijaribu. Samli inaganda humo ndani, inashika nywele, meno hayakutani. Hii hainyoi, Mwalimu. Hii inang'oa. Sio ya juzi hii, miaka mingi. Aliyekuwa anakaa chini ya hii alikuwaga na moyo."

Nikamwambia si kweli, kunyolewa kunauma kwa kila mtu.

Alinitazama. Halafu akairudisha mashine ya baba kwenye flana, akaifunga vizuri kuliko nilivyoifunga mimi, akaniwekea mapajani. Akachukua ya kwake. Nikakamata mbao za kiti kwa mikono miwili, nikauma mdomo, nikasubiri.

Haikuuma.

Nilisikia ubaridi wa chuma na sauti ndogo, na nywele zikidondoka. Alikunja sikio langu kwa kidole gumba, vile vile kabisa kama baba, na hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu matanga hakuna mtu aliyenigusa kichwa. Miezi saba. Watu wananipa mikono, wanafunzi wananigusa mkono wa shati wakitaka ruhusa ya kwenda chooni, lakini kichwa hapana. Machozi yakaanza, sikuweza kuyazuia, yakateremka na nywele zikashika usoni.

Mzee Shabani alisimamisha mkono.

"Nimekukata?"

"Hapana mzee. Haiumi."

Alishika kiti, akakigeuza nami nikiwa juu yake, nikatazamana na ukuta wa duka badala ya barabara. Mteja mmoja alipokuja akamwambia aende akanywe chai kwanza. Akaendelea kuninyoa polepole. Nadhani alichukua muda mrefu kuliko kichwa changu kilivyohitaji.

Alipomaliza aliniambia nimwachie mashine ya baba. Ataifungua, atailoweka kwenye mafuta ya taa, atainoa, Jumatatu itakuwa mpya. Nikasema nitafikiri. Nikaja nayo nyumbani.

Sasa iko mezani, juu ya madaftari ya darasa la saba. Nimeinusa. Ina harufu ya samli iliyokaa sana, harufu ya nyuma ya nyumba yetu. Nimejibana nayo nywele za mkono kidogo kujaribu. Kweli, inang'oa. Nimekaa nikiwaza miaka yote niliyouma mdomo kwenye kile kigoda nikidhani ndivyo dunia ilivyo, nikataka kumcheka baba, mzee wa watu na kibuyu chake.

Halafu nikakumbuka zamu yangu.

Mashine ilikuwa ni hii hii. Mimi nilikuwa nikimnyoa kwa hii hii, na mimi nabana haraka haraka, mtu mwenye basi la kuwahi. Alikuwa na nywele nyingi mpaka uzeeni. Hakuwahi kutikisika. Ndugu zangu waliokaa naye pale pale kijijini walitaka kumnyoa katikati ya mwezi akawakatalia, akisema anamsubiri mwalimu, ana mkono mwepesi.

Nami nilikuwa naamini! Nilikuwa narudi Musoma najisifu.

Sina wa kumwuliza kama alijua. Nadhani alijua. Vijana wa pale walikuwa wakinyolewa senta, penye maduka ya kijiji, kwa mashine nzuri, na yeye alikuwa na macho, alikuwa anawaona wanavyocheka kitini. Ningemwambia "baba, inauma," angesema basi mwanangu, kanyolewe huko huko mjini. Angeniambia yeye kwamba inauma, nami ningemwambia baba, nenda senta. Na hapo ningekuwa na sababu gani ya kudandia lori la pamba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi?

Mashine sitaipeleka kwenye mafuta ya taa. Kichwa nitakipeleka kwa Mzee Shabani, mwezi ujao na mwingine, na asubuhi nikipita nitasimama nimsalimie kwa mdomo. Akiniuliza za nyumbani nitamjibu ukweli.

Mkono mwepesi. Baba, ulikuwa unaumia kiasi gani?